Rekodi ya jinai haifutwi polisi: anzia kwenye hukumu

Msimu wa ajira za majeshi ukifika, au vijana wanapoanza kupanga safari za kazi Uarabuni, swali ni lilelile: "Nilifungwa zamani, kifungo nimemaliza, nifanyeje rekodi ifutwe?" Jibu la kweli linauma, na ni heri ulisikie kabla hujatoa hata shilingi. Tanzania Bara haina sheria ya jumla inayosema kwamba miaka kadhaa ikipita, hatia ya mtu mzima inafutika yenyewe au inafichwa isionekane. Uingereza wanayo tangu 1974. Afrika Kusini mtu anaweza kuomba baada ya miaka 10 kwa makosa ya aina fulani. Marekani kila jimbo lina utaratibu wake. Mengi unayoyasoma mtandaoni ni ya huko, hayafanyi kazi hapa.

Hapa kwetu rekodi iliyoko polisi inafuata uamuzi wa mahakama. Polisi hawana mamlaka ya kufuta hatia iliyotamkwa na hakimu, na hakuna barua ya kuomba huruma itakayobadilisha hilo. Kwa hiyo kazi ya kisheria ni mojawapo kati ya mbili: kuitengua hatia yenyewe mahakamani, au kuisahihisha rekodi isiyolingana na kilichoamuliwa. Hiyo ya pili ni rahisi zaidi, na watu wengi wanaodhani wana tatizo kubwa kumbe tatizo lao ni hilo dogo.

Ndiyo maana hatua ya kwanza si wakili wala kituo cha polisi. Ni masjala ya mahakama iliyosikiliza kesi. Kama ilisikilizwa Kongwa, nenda Kongwa, hata kama sasa unaishi Area C, Dodoma mjini. Omba kwa barua nakala iliyothibitishwa ya hukumu au amri, pamoja na nakala ya mwenendo wa kesi. Kwenye barua andika namba ya kesi na mwaka, jina kama lilivyoandikwa kwenye hati ya mashtaka, kosa, na tarehe ya uamuzi. Kama namba huikumbuki, itafute kwenye stakabadhi ya faini, kwenye karatasi za dhamana, au kwenye kumbukumbu za gereza ulikopelekwa. Hakikisha barua yako inagongwa muhuri wa kupokelewa na unabaki na nakala yake. Mbele ya safari, muhuri huo utakuwa ushahidi wa siku ulizosubiri.

Ukishapata karatasi, tafuta neno moja: uliachiwa, uliachiliwa huru, au ulitiwa hatiani? Mitaani tunayachanganya, sheria haiyachanganyi. Mwendesha mashtaka akiondoa kesi chini ya kifungu cha 98(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kabla hujaitwa kujitetea, unaachiwa, lakini unaweza kushtakiwa tena. Ndivyo ilivyo pia Mkurugenzi wa Mashtaka akiifuta chini ya kifungu cha 91, au hakimu akikuachia chini ya kifungu cha 225 kwa sababu upande wa mashtaka umeahirisha kupita kiasi. Lakini ukionekana huna kesi ya kujibu chini ya kifungu cha 230, hapo umeachiliwa huru. Katika yote hayo hujawahi kutiwa hatiani. Kama polisi bado unaonekana una kesi, ni kwa sababu matokeo hayakurudishwa kwenye kumbukumbu zao. Huhitaji rufaa. Unahitaji amri iliyothibitishwa na barua, nitafika huko.

(Tahadhari moja kuhusu namba. Toleo la Urekebu la Sheria la 2023, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, limepanga upya vifungu vingi. Namba ninazotaja hapa ni zile za kabla yake, kwa kuwa ndizo utakazozikuta kwenye hukumu yako ya zamani. Maombi mapya yaandikwe kwa namba za toleo jipya, na wakili asiyejua hilo mwulize mapema.)

Kuna wanaoamini kwamba kwa kuwa walilipa faini palepale mahakamani, "yaliisha". Hayakuisha. Faini ni adhabu, na adhabu haitolewi bila mtu kutiwa hatiani kwanza. Na kama kesi yako bado inaendelea, mwombe wakili akisome kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu kabla ya siku ya adhabu. Kinampa hakimu uwezo wa kumwachia aliyekutwa na hatia bila adhabu, ama moja kwa moja, ama kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi 12. Ombi hilo hutolewa pale mshtakiwa anapopewa nafasi ya kusema kabla ya adhabu. Wengi husema tu "naomba huruma ya mahakama, nina familia," wakakaa.

Sasa tuje kwenye hatia yenyewe. Njia kuu ni rufaa. Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, unatoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha unawasilisha rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45, ukiondoa muda wa kusubiri nakala. Kutoka mahakama ya mwanzo, rufaa inakwenda mahakama ya wilaya ndani ya siku 30. Mahakama ya wilaya inaweza pia kuyapitia mashauri ya mahakama ya mwanzo kwa njia ya mapitio, lakini si baada ya miezi 12 tangu yaishe.

Karibu kila anayeuliza habari za rekodi alishapitwa na muda huo, wengine kwa miaka. Mlango uliobaki ni kuomba kuongezewa muda, na hapa ndipo maombi mengi hufia. Mahakama haitaki kusikia kwamba ulikuwa hujui sheria, au kwamba umeanza kuona athari za hatia ulipokosa kazi. Inataka sababu ya msingi, na inataka kila siku ya ucheleweshaji ielezwe. Hati ya kiapo inayosema "nilichelewa kwa sababu za kiafya kati ya 2014 na 2019" haina uzito. Inayosimama inasema tarehe ya hukumu, tarehe ya kupelekwa gereza la Isanga, tarehe uliyokabidhi taarifa ya rufaa kwa ofisa wa gereza, tarehe ya barua ya kuomba nakala, tarehe nakala ilipotoka, na kila tarehe ina karatasi nyuma yake. Ndiyo maana ya ule muhuri.

Sababu nyingine ambayo mahakama huipa uzito ni kasoro ya kisheria inayoonekana waziwazi kwenye kumbukumbu: mahakama haikuwa na mamlaka, hati ya mashtaka haikutaja kosa lolote linalojulikana kisheria, mshtakiwa hakupewa nafasi ya kujitetea. Lazima ionekane kwa kusoma jalada tu, isihitaji hoja ndefu kuifukunyua.

Waliokiri kosa huambiwa hawana rufaa isipokuwa dhidi ya adhabu. Kwa ujumla ni kweli, lakini usiishie hapo. Mahakama Kuu ilikwisha kueleza mwaka 1983, na uamuzi huo ungali unafuatwa, kwamba aliyekiri anaweza kupinga hatia kama ukiri wake haukuwa kamili au ulikuwa na utata, kama alikiri kwa makosa au kwa kutoelewa, kama shtaka halikuonyesha kosa kisheria, au kama maelezo aliyoyakubali hayawezi kumtia mtu hatiani kwa kosa lile.

Kwa hiyo fungua ukurasa wa mwenendo wa siku uliposomewa shtaka, usome polepole. Kwanza shtaka linasomwa na kufafanuliwa. Kisha yanafuata maneno ya mshtakiwa, nayo yanapaswa kuwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana. Chukua shtaka la wizi wa mifugo. Mshtakiwa amejibu: "Ni kweli nilichukua ng'ombe wawili, walikuwa wa marehemu baba." Chini yake hakimu ameandika kwamba mshtakiwa amekiri kosa. Lakini mtu huyu amekubali kuchukua, hajakubali kuiba. Anadai haki juu ya wale ng'ombe. Hapo ilipaswa kuandikwa kwamba amekana na mashahidi waitwe. Shuka mistari michache hadi kwenye maelezo ya kosa yanayosomwa na mwendesha mashtaka. Je, yanasema ng'ombe walikuwa wa nani, walichukuliwa lini na wapi, bila ridhaa ya nani? Je, mshtakiwa aliulizwa kama maelezo hayo ni ya kweli, na jibu lake likaandikwa? Ukikuta maelezo ya mistari miwili halafu adhabu, umepata hoja ya kumpelekea wakili. Ukurasa huo mmoja mara nyingi una thamani kuliko jalada lote lililobaki.

Jambo lingine la kuangalia ni umri. Kama siku ya kosa ulikuwa hujafikisha miaka 18, kesi yako ilipaswa kwenda kwa utaratibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009, ambayo inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Vijijini vijana wa miaka 16 na 17 wamewahi kuandikwa "mtu mzima" kwa kukadiriwa kwa macho. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au rejista ya shule ya msingi ndivyo vitakavyobeba ombi lako.

Kabla hujaweka sahihi, mwulize wakili kuhusu hatari, maana zipo. Mahakama Kuu ina uwezo wa kuongeza adhabu. Kama sheria iliweka kiwango cha chini na hakimu alikupa chini ya hapo, rufaa yako inaweza kuliibua hilo. Pia, ukishinda kwa kasoro ya utaratibu, mahakama inaweza kuamuru kesi isikilizwe upya badala ya kukuachia. Kama ulishatumikia kifungo chote, wakili aiombe mahakama kwa hoja isitoe amri hiyo, asisubiri iulize.

Msamaha wa Rais nao unaeleweka vibaya. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe, kubadilisha adhabu, au kufuta adhabu yote au sehemu yake. Misamaha inayotangazwa siku za kitaifa, kama tarehe 26 Aprili au 9 Desemba, kwa kawaida inahusu muda wa kifungo uliobaki. Kutoka gerezani kwa msamaha wa namna hiyo hakutengui hukumu. Soma karatasi uliyotoka nayo, ujue umesamehewa nini.

Msaada wa kisheria bila malipo upo, na upo kisheria, kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Jua tu nani anafanya nini. Msaidizi wa kisheria atakueleza haki zako, atakusaidia kuandaa barua na kukuelekeza. Haruhusiwi kukuwakilisha mahakamani na haruhusiwi kukutoza. Kwa rufaa na kuongezewa muda unahitaji wakili, kupitia shirika lililosajiliwa au mpango wa Chama cha Mawakili Tanganyika. Ofisi ya maendeleo ya jamii kwenye halmashauri yako ni mahali pazuri pa kuulizia waliosajiliwa wilayani. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, imekuwa ikipita mikoani. Na kila mwisho wa Januari, Wiki ya Sheria huleta mawakili na maofisa wa mahakama mahali pamoja; kwa Dodoma mjini, pita Nyerere Square ukiwa na karatasi zako mkononi, siyo hadithi tupu.

Nje ya milango hiyo wamejaa vishoka. Kishoka atakwambia ana mtu ndani ya polisi au mahakama, atalisafisha jina lako kwa siku tatu. Anachouza ni mojawapo ya viwili: hati ya kughushi, au rushwa ya kuficha jalada. Vyote ni makosa mapya ya jinai, na mwenye jina kwenye hati ni wewe. Anayejiita wakili, litafute jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, uone kama cheti chake cha mwaka huu kiko hai.

Tuseme umeshinda, Mahakama Kuu imetengua hatia na kufuta adhabu. Usidhani taarifa itasafiri yenyewe hadi polisi. Chukua nakala tatu zilizothibitishwa. Moja ambatisha kwenye barua kwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa ambako kesi ilifunguliwa, ukiomba kumbukumbu zisahihishwe kulingana na uamuzi. Ya pili iende kwa njia hiyohiyo kwenye kitengo cha polisi kinachotunza alama za vidole na kutoa hati ya kutokuwa na rekodi ya jinai. Ya tatu usiiachie kwa mtu yeyote. Aliyeachiwa bila kutiwa hatiani afanye vivyo hivyo kwa amri yake.

Barua iwe fupi: majina, namba ya kesi ya mwanzo, namba ya jalada la polisi kama unayo, namba ya rufaa, tarehe ya uamuzi, na unachoomba. Kinachokwamisha zaidi ni majina. Kesi inasema Yohana Chiloleti, kitambulisho cha NIDA kinasema John Yohana Chilolet, na ofisa anayetafuta hawezi kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja. Andaa mapema hati ya kiapo ya majina mbele ya kamishna wa viapo, uiambatishe.

Subiri majibu ya maandishi ndipo uombe hati mpya ya kutokuwa na rekodi ya jinai. Kama kosa lililotenguliwa bado linaonekana, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022 inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe, na inazihesabu taarifa za makosa ya jinai kuwa nyeti. Wakili aandike barua ya pili akiitaja sheria hiyo, aambatishe barua ya kwanza yenye muhuri, na akikosa jibu alipeleke lalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.