Nilivyowafunza mafundi wa chokaa kufundisha

Nilipoambiwa niandae wakufunzi pale kazini, kila mtu alikuwa na ushauri. Mmoja alisema tafuta fundi hodari kuliko wote, mkabidhi wanafunzi, umemaliza. Mwengine, mzoefu wa kuendesha semina, alitaka nikodi ukumbi, niwashe projekta na nigawe madaftari. Wa tatu ndiye aliyeniudhi hasa, kwa sababu alikuja na methali: samaki mkunje angali mbichi. Alikuwa na maana kwamba watu wa miaka arubaini, waliokwisha kuvua, kujenga na kulea, hawafundishiki tena. Sikuufuata ushauri wa hata mmoja wao, na nashukuru.

Sisi tunakarabati nyumba za mawe. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Ukizipiga simenti, unyevu unafungika ndani, chumvi inalila jiwe na plasta inabanduka mapande mapande. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba kubwa la kale la hapo hapo mjini, ilipoanguka tarehe 25 Disemba 2020, sijakutana na mtu wa kuniuliza mafundi wa chokaa wa nini. Tulio nao sisi ni wachache, tena wazee. Wanaokuja kujifunza ni watu wazima pia: wengi wametoka kwenye simenti, wengine baharini.

Sasa, fundi aliyeishika kazi tangu ujana wake haoni tena hatua zake. Mikono inakwenda yenyewe. Anamwambia mwanafunzi, "Rowesha ukuta mpaka ushibe." Mwanafunzi anauliza atajuaje kama umeshiba. "Utaona tu." Haoni, plasta inaanguka, na fundi anakuja kwangu kusema huyu hana akili.

Zipo hatua nne za kumfundisha mtu kazi ambazo mimi naziamini. Charles Allen, mwalimu wa ufundi wa Marekani, alizitumia kufunza watu wa viwanda vya meli wakati wa vita vya kwanza vya dunia, akaziandika kwenye kitabu mwaka 1919, na kwenye vita vya pili zikatumika tena viwandani kote kule: mtayarishe mtu, mwoneshe, mwache afanye, kisha mfuatilie. Lakini ukimsomea mzee fundi hatua nne, atakuitikia kwa adabu na kesho atafundisha vile vile. Lazima kwanza aonje kuwa mwanafunzi.

Katika mafunzo yale ya Marekani walitumia fundo la waya wa umeme: wakufunzi wanaelezwa kwa maneno tu, wanashindwa, wanaoneshwa harakaharaka, wanashindwa tena. Mimi nikatafuta kitu cha kwetu ambacho mafundi wangu wamekiona maisha yao yote na hawajawahi kukifanya. Nikaenda kwa bibi mmoja wa shamba anayesuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, nikamwomba aje mjini na furushi la miyaa, majani ya kusukia. Nilimlipa nauli, chai na kitu kidogo cha kumshukuru.

Tukakaa uani baada ya sala ya alasiri. Nikamwambia, "Bibi, mikono yako itie ndani ya kanga. Tueleze kwa mdomo tu." Akaanza: chukua huu, upitishe chini ya ule, kunja, rudisha, shika wa kushoto. Mafundi wanaosimamisha ukuta wa ghorofa mbili kwa timazi na jicho wakabaki na miyaa imewatawanyika mapajani. Mmoja akasema, "Bibi, pole pole, huu ule ni upi?" Bibi akamjibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, si huo hapo!"

Mara ya pili nikamruhusu atoe mikono, lakini akae mbele yao wakitazamana. Akasuka. Vidole vilipita hata huvioni, na kushoto kwake kulikuwa kulia kwao. Walipojaribu, kila mmoja alikunja upande wa pili. Hapo wakawa wamekasirika kweli, na mimi hasira ile nilikuwa naitaka.

Mara ya tatu nilimkalisha bibi ubavuni mwa fundi mkuu, wote wakiangalia upande mmoja. Asuke kunjo moja, asimame. Aseme kwa nini anauvuta ule mwaa kabla ya kuukunja: usipouvuta, ukili unalegea na mkeka hautalala sawa. Kisha fundi afanye yeye, huku anasema kwa sauti anafanya nini na kwa nini. Magharibi inakaribia, mzee yule ana ukili wa urefu wa shubiri, umenyooka, na hataki kuuweka chini. Siku ya pili nilipofika kazini nilimkuta amemhamisha mwanafunzi wake kutoka mbele yake akamweka ubavuni. Sikuwa nimemwambia.

Baada ya hapo kuichambua kazi kulikuwa kazi ya raha. Nilikuwa nauliza swali moja tu: mtu akikiacha hiki, kinaharibika nini? Kama hakuna kinachoharibika, hatukiandiki. Lile la ukuta kushiba lilitusumbua sana. Fundi alisisitiza kwamba anajua tu. Nikampiga video kwa simu akiwa kazini, tukaiangalia pamoja bila sauti. Kumbe kabla ya kutupia chokaa, kila mara, anarusha matone ya maji kwa ncha za vidole na kuyatazama. Yakinywewa papo hapo, anarowesha tena. Yakiteremka ukutani, anaanza. Mwenyewe alishangaa: "Mie nafanya hivi?" Jiwe kavu linanyonya maji ya chokaa kabla haijashika, na sasa kila mwanafunzi anaijua alama ya kutazama, na sababu yake.

Kuhusu waliotoka kwenye simenti, mafundi walikuwa wanawaambia, "Sahau simenti." Mtu mzima humwambii asahau kitu kilichomlisha miaka kumi. Nikawataka waanze kwa kuuliza: wewe simenti unaijuaje? Atakwambia inashika na maji, kesho yake ni ngumu. Hapo fundi ana pa kuingilia: chokaa inakuwa ngumu kwa kula hewa, pole pole, kwa hiyo tunapiga tabaka nyembamba, tunafunika magunia yaliyorowa, na hatuna haraka. Mtu huyo kashaelewa, na heshima yake iko pale pale. Akikosea, mrekebishe kwa sauti ya chini. Kumgombeza baba wa watu mbele ya vijana umri wa wanawe ni kumpoteza, kesho haji.

Isipokuwa kwenye hatari. Chokaa iliyochomwa inatiwa ndani ya maji kidogo kidogo, maji hayamwagiwi juu yake, maana inachemka na kuruka, na ikiingia jichoni inaunguza. Hapo piga kelele, na maji safi yawe karibu siku zote.

Saa za kufundisha ni asubuhi. Baada ya chakula cha mchana usijisumbue, na Ramadhani fupisha.

Kitu cha mwisho hakikuwa kwenye ushauri wa yeyote, nacho nusura kituvunjie kila kitu: malipo. Mafundi walikuwa wanalipwa kwa mita. Fundi anayesimama kumfundisha mtu, mita hazisogei, na nyumbani watoto wanangoja. Mwalimu gani atakuwa na subira hivyo? Nilimfuata bosi zaidi ya mara moja, nikamwonesha plasta tuliyoilipia kupiga, tukailipia kubandua, tukailipia kupiga tena. Akakubali kwamba siku za kufundisha fundi alipwe kwa siku, wala asikatwe fedha kwa mita za mwanafunzi. Tangu hapo wazee wenyewe ndio wanaoniuliza wanafunzi wapya wanakuja lini.