Nilivyouvika faibaglasi ubao wa stairofomu, Kigoma

Ubao wenyewe ni wa kupigia kasia ziwani: urefu sentimita 240, upana 70, unene 10 pale katikati. Moyo wake ni stairofomu, ile nyeupe ya chembechembe inayofungiwa friji na televisheni. Vipande niliviunganisha kwa epoksi kabla ya kuchonga. Gundi hiyo iishie sentimita moja ndani ya ukingo, kwa sababu ikikauka inakuwa ngumu kuliko stairofomu. Ukipiga msasa, kandokando panaliwa na gundi inabaki tuta.

Kazi hii inaharibikia dukani kabla haijaharibikia mikononi. Rezini, yaani kimiminika kinachoganda na kushika kitambaa cha faibaglasi, iliyo karibu ni ya poliesta, wanayotumia mafundi wa bodi za magari. Kwenye stairofomu usiiguse. Ina kemikali iitwayo stairini, na stairini inaila stairofomu: unapaka, muda si mrefu unaona shimo linazama. Puti ya magari ni ndugu yake na inafanya vilevile. Thina na petroli nazo hivyohivyo. Epoksi nayo ni rezini, ila haina ugomvi na stairofomu, kwa hiyo niliagiza Dar es Salaam. Muuzaji akikwambia zote ni rezini tu, changanya kidogo na hadina yake (dawa ya kuigandisha), dondoshea kwenye kipande cha masalia ya stairofomu, na usifungue mfuko wa kitambaa mpaka umeona matokeo.

Kitambaa ni cha kufumwa, gramu 200 kwa mita ya mraba. Mati ya nyuzi zilizokatwakatwa niliiacha. Nyuzi zake mara nyingi zimeshikanishwa kwa gundi inayolainishwa na stairini. Kwenye epoksi inabaki ngumu, haikubali kulala kwenye kingo, tena inakunywa rezini mara mbili ya uzito wake au zaidi. Cha kufumwa kinatosheka na rezini yenye uzito sawa na wake.

Niliweka tabaka mbili juu na moja tumboni. Mtu akisimama katikati, tumbo linavutwa na juu panabanwa. Faibaglasi inastahimili sana kuvutwa, lakini ngozi nyembamba ikibanwa inajikunja na kubanduka. Isitoshe, huko juu ndiko kunakokanyagwa na visigino. Kwa vipimo hivyo kitambaa kilichobaki ubaoni ni kama gramu 1,150, na epoksi kilo 2.6 pamoja na inayobaki kwenye vikopo. Nunua kilo 3.

Kwanza ziba vinyweleo. Epoksi gramu 400 hivi kwa mafungu mawili, ongeza poda ya talki mpaka iwe kama uji mzito, ikwangue ubao mzima kwa kipande cha plastiki kilichokatwa kwenye ndoo kuukuu. Ikikauka, msasa namba 80 kidogo tu, kisha futa vumbi. Ukiruka hatua hii stairofomu itanyonya rezini ya kitambaa, ubao uwe mzito na kitambaa kibaki kikavu.

Kupaka naanza saa kumi jioni, kivulini, ubao ukiwa umeshinda hapohapo. Katikati ya chembe kuna hewa. Joto likipanda inatanuka, inatoka na kuinua kitambaa kwa mapovu. Joto likishuka, hewa inasinyaa na kuivuta rezini ndani. Asubuhi, jua likiwa linapanda, ni saa mbaya kuliko zote. Wakati wa mvua usiwashe taa juu ya ubao, labda kama unataka kuupamba kwa kumbikumbi.

Pima kwa mizani, si kwa macho. Epoksi yangu ni gramu 100 kwa 50 za hadina. Fuata dumu lako. Kuzidisha hadina hakuharakishi epoksi, kunaiacha laini daima. Usichanganye zaidi ya gramu 300 kwa mara moja, na ukishakoroga dakika tatu imwage yote kwa mstari mrefu juu ya kitambaa ulichokwisha kutandaza ubaoni. Ikikaa kikopani inajipasha yenyewe, inatoa moshi na kuyeyusha kikopo.

Ivute kwa kipande kile cha plastiki kutoka katikati kwenda kingoni, polepole, ukikishusha kitambaa sentimita 5 upande wa chini. Kwenye ncha na mkia kata mipasuo ili kitambaa kisijikunje. Sasa inama utazame ukiwa umeelekea mwanga. Kitambaa kilichoshiba kinapotea machoni, unaona weupe wa ndani tu, na mfumo wa nyuzi zake unahisika kwa kidole. Vidoa vya fedha ni pakavu. Panapong'aa kama kioo rezini imezidi na kitambaa kinaelea, kwa hiyo ikwangue uitoe. Rezini ya ziada ni uzito na haiongezi nguvu.

Ikifikia hali ya mpira, kata mabaki kwa wembe. Kesho yake utakuta utando wa mafuta juu, hasa hewa ikiwa na unyevunyevu. Uoshe kwa maji na sponji ngumu kabla ya msasa, la sivyo msasa unausambaza na koti linalofuata halishiki. Geuza, fanya tumbo, kisha makoti mawili membamba ya epoksi tupu kufunika mfumo. Vaa glavu na barakoa muda wote. Epoksi ikikusababishia mzio, mzio huo haukuachi tena.

Nilingoja siku saba kabla ya kuuingiza majini, na rangi ni nyeupe, kwani rangi nyeusi juani inachemsha hewa ya ndani mpaka ngozi ibanduke. Ukipasuka, ziba kwa tepu mara moja na usiuweke karibu na madumu ya petroli ya injini za mitumbwi: tone likipenya kwenye ufa linakula moyo huku ngozi ikionekana nzima. Kausha kwa siku kadhaa ufa ukiwa umeelekea chini, ndipo uweke kiraka kinachopita ufa sentimita 5 kila upande.