Kujitolea Haydom
Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norwei katika nyanda za juu za Mbulu, mkoani Manyara, huwahudumia Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe na wengineo, na kwa hiyo mtu aliyekwenda kujitolea, kama nilivyokwenda mimi, hutambua mapema kwamba bila mkalimani hafai kitu. Bibi mmoja wa Kidatoga alijibu maswali yangu yote kwa kicheko, hadi muuguzi alipoketi kando yake. Kazi niliyoimudu vyema ilikuwa kusukuma machela, kukunja mashuka na kujaza madaftari. Wanaokuja kwa majuma mawili wakitaka kupasua watu, kwa maoni yangu, wangebaki kwao. Wauguzi wana shughuli za kutosha.