Kaanguka, katikisika, lakini je, ni kifafa? Siku moja kliniki Dodoma

Saa 1:30 asubuhi

Mashine ya ECG, inayochora umeme wa moyo kwenye karatasi, inawashwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia. Karatasi iende milimita 25 kwa sekunde, na alama ya kipimo ipande milimita 10. Aliyeitumia jana akiiacha kwenye kasi ya 50, leo kila moyo utaonekana unapiga nusu ya mapigo yake, na QT ya kila mtu (muda ambao umeme wa pigo moja hutumia kukaza vyumba vya chini vya moyo na kuviandaa upya) itaonekana ndefu maradufu. Vikombe vya kunyonya kifuani navyo vinafutwa: vumbi la kiangazi likikaa kwenye mpira havishiki, na mstari unachezacheza.

Saa 2:00

Benchi limejaa. Kuna waliotoka Bahi, Kongwa na Mpwapwa, wengine wamelala kwa ndugu mjini ili wawahi namba. Wengi wana kadi za kifafa za miaka mingi, na baadhi yao hawana kifafa. Moyo wao ndio unaosimama kidogo au kukimbia kupita kiasi. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde kadhaa, mtu anaanguka, anakakamaa, mikono inarukaruka. Ukimpa fenobabitali, dawa ya kifafa, umempa usingizi tu. Ugonjwa uko palepale.

Ndiyo maana swali la kwanza haliendi kwa mgonjwa. "Shikamoo mama. Nani alimwona akianguka?" Kama aliyeona kabaki kijijini, anapigiwa simu hapo hapo. Mwenye video kwenye simu anatangulizwa, maana video ya nusu dakika inazidi maelezo ya barua ya rufaa.

Saa 2:30

Haya ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote ya siku, na hayafai kufupishwa hata foleni ikinung'unika.

Alikuwa anafanya nini? Kuzimia kwa kawaida humkuta mtu aliyesimama muda mrefu juani, kama mwanafunzi kwenye gwaride, au anayetolewa damu. Hutanguliwa na jasho, kichefuchefu na macho kuingia giza. Aliyeanguka katikati ya mbio, au aliposhtuliwa na mlio wa ghafla, huyo ni wa moyo mpaka vipimo viseme vingine.

Alikuwa na rangi gani? Kwenye ngozi nyeusi tazama midomo, ulimi na viganja. Aliyezimia hupauka, mwenye degedege la kifafa mara nyingi midomo huwa ya bluu.

Ilichukua muda gani? Mitikisiko ya kuzimia kwa kawaida haifiki sekunde 20, ya kifafa huenda dakika moja hadi tatu. Mashahidi huongeza muda bila kukusudia. Mwambie aigize alichokiona, wewe ukitazama saa ya ukutani.

Kisha ikawaje? Aliyezimia huzinduka akiwajua watu. Wa kifafa huchanganyikiwa au hulala, mara nyingi zaidi ya dakika tano. Kujing'ata ulimi ubavuni kunaelekeza kwenye kifafa. Kujikojolea hakutenganishi chochote, ingawa ndicho kinachoandikwa kwa wino mzito karibu kila kadi.

Mwisho, ukoo. "Bibi, kuna kijana kwenu aliyefariki ghafla, au aliyezama naye alijua kuogelea?" Mtoto kiziwi wa kuzaliwa anayeanguka akishtuka apimwe ECG siku hiyo hiyo: upo ugonjwa wa kurithi unaounganisha uziwi na QT ndefu.

Saa 4:00

ECG kwa kila aliyewahi kuanguka, hata mwenye kadi ya kifafa ya miaka kumi. Vikombe vya kifuani huitwa V1 hadi V6. V1 na V2 hukaa nafasi ya nne ya mbavu, kulia na kushoto kwa mfupa wa kifua. V4 nafasi ya tano, chini ya katikati ya mtulinga. Mistari ya lidi ya kwanza (ipimwayo kati ya mikono miwili) ikigeuka kichwa chini, kagua kwanza kama waya za mikono zimebadilishana.

QT hupimwa kwa rula, haiaminiwi mashine peke yake. Igawe QT kwa kipeuo cha pili cha muda kati ya pigo na pigo. QT ya sekunde 0.45 na mapigo yanayoachana kwa sekunde 0.81: kipeuo ni 0.9, jibu ni 0.50. Kuanzia hapo ni hatari. Uliza dawa alizomeza karibuni (kwinini, haloperidoli, erithromaisini, flukonazoli) na kama amekuwa akiharisha, kwa kuwa potasiamu ikishuka QT hurefuka.

Kwa mzee, tafuta mapigo 30 au 40 kwa dakika na mawimbi ya vyumba vya juu vya moyo yasiyofuatana na ya vyumba vya chini. Huyo anahitaji kifaa cha kuongoza mapigo. ECG moja safi haimsafishi mtu, kama EEG safi (kipimo cha umeme wa ubongo) isivyofuta kifafa.

Saa 5:30

Shinikizo la damu: alale dakika tano, apimwe, asimame, apimwe dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au ya chini 10, tazama maji anayokunywa na dawa za presha.

Saa 6:15 mchana

Bajaji imeleta mtu anayetikisika. Kabla ya dawa yoyote: anahema? Moyo ukisimama ghafla, mwili unaweza kutikisika sekunde chache kisha ukalegea, akabaki anakoroma mara moja moja. Huyo anakandamizwa kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, sentimita tano kwenda chini. Kumlaza ubavu na kusubiri degedege liishe ni kumpoteza.

Kama anahema na mapigo yapo: alale ubavu, kijiko kisiingizwe mdomoni, sukari ipimwe, malaria ipimwe. Degedege likipita dakika tano, diazepamu (dawa ya kulikata) miligramu 10 mshipani polepole. Lisipokoma, fenitoini (dawa ya kifafa) miligramu 20 kwa kilo, kwenye maji ya chumvi tu, maana kwenye dekstrozi, yaani maji ya sukari, inaganda. Isizidi miligramu 50 kwa dakika. Kwa mtu wa kilo 60 ni miligramu 1,200, yaani dakika 24 kwa uchache. Mwenye moyo mgonjwa au mzee, nusu ya kasi hiyo. Ikikimbizwa, presha inaporomoka na mapigo yanavurugika. Mwenye moyo uliozibika njia ya umeme hapewi kabisa.

Saa 8:00

Mchana ni wa wagonjwa wa vali, milango ya ndani ya moyo. Vali iliyoharibiwa na homa ya rumatiki hutengeneza mabonge ya damu. Bonge likipanda kichwani ni kiharusi, na kovu lake huzaa kifafa cha kweli. Wengi wao wanameza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Dawa za kifafa kama kabamazepini, fenitoini na fenobabitali hulifanya ini liivunje wafarini haraka, INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda) inashuka, vali ya chuma inaweza kuganda. Hatari ya pili husahaulika: dawa hiyo ya kifafa ikisimamishwa, INR hupanda taratibu kwa wiki kadhaa na mgonjwa huanza kutoka damu. Levetirasetamu, dawa nyingine ya kifafa, ikipatikana, ndiyo nafuu kwao.

Saa 9:30

Rufaa za Hospitali ya Benjamin Mkapa, na chache za taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kila barua inabanwa na ECG yenyewe, maneno ya shahidi kama alivyoyasema, namba yake ya simu, na orodha ya dawa zote pamoja na zilizonunuliwa duka la dawa. Nakala ya ECG anakaa nayo mgonjwa mwenyewe, imepigwa picha kwenye simu, kwa sababu karatasi yake hufifia ikiachwa juani.