Nimehamia halmashauri
Mwezi wa nne sasa tangu nihame kampuni binafsi nije kuwa mhasibu wa halmashauri. Mshahara umeshuka, sifichi. Kule CPA yangu, cheti cha juu cha uhasibu, ililipwa vizuri, ila kila tukifunga hesabu za mwezi nafika nyumbani saa sita usiku, mtoto keshalala.

Jana nimeweka hati zangu mbili za mshahara mezani. Kule NSSF, mfuko wa pensheni wa sekta binafsi, nilikatwa asilimia 10, mwajiri akaweka 10. Huku PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, nakatwa 5, serikali inaweka 15. (Bodi ya Mikopo wanakata 15 kotekote!) Na mama yumo kwenye bima yangu ya NHIF. Wiki iliyopita kachukua dawa zake za presha bila kutoa hata shilingi. Jamani, nililia pale dirishani.