Jani la sale na kitabu cha michango

Kwa miaka mitatu nilikuwa mtunza hazina wa jumuiya yetu ya Kilutheri hapa Pasua, Moshi. Miwili kati ya hiyo nilikuwa pia mcheza kamari. Wakati ule niliita kubeti, nikijiambia ni mpira tu, kila mtu anaweka mkeka wake wa kubashiri mechi.

Nina duka la vipuri vya pikipiki na watoto watatu. Nilianza na dau la shilingi 1,000. Siku niliyoshinda 86,000, akili haikurudi tena mahali pake. Nilibeti hata ligi ya Japani, ambako sikumjua mchezaji hata mmoja, kwa sababu mechi zao za mchana kwetu ni asubuhi. Jumapili moja usharika umesimama kuungama pamoja, mimi simu iko ndani ya kitabu cha nyimbo, mdomo unasema "tumekukosea", jicho linasubiri goli. Sijawahi kujisikia mbali na Mungu kama dakika ile, na bado sikuifunga simu.

Mfuko wa misiba wa jumuiya ulikuwa kwenye laini yangu. Nilichukua 40,000 nikijua Jumatatu nitarudisha. Kufikia mwezi wa tano nilikuwa nimekula 240,000, na kitabu cha michango nikaendelea kukijaza kwa mwandiko mzuri. Halafu mama mmoja wa jumuiya akafiwa na mama yake mzazi. Nilikopa kwa mtu wa riba, nikapeleka rambirambi. Yule mama alinishika mikono yote miwili, akasema, "Mungu akubariki kwa uaminifu wako." Nilirudi nyumbani kwa miguu, nauli ninayo.

Si kwamba nilikuwa siombi. Nilifunga siku tatu, siku ya nne nikaweka mkeka. Niliifuta programu, nikairudisha usiku huohuo. Naona sasa kwamba zile nadhiri za siri zilinimaliza zaidi, maana kila niliposhindwa nilipata kitu kingine cha kuficha. Na neema niliyoihubiri Alhamisi sebuleni kwa watu niliiamini kweli, ila kwa ajili yao. Mimi nilikuwa kiongozi. Niliogopa kutengwa, niliogopa uso wa mke wangu, na habari ya Moshi asubuhi iko sokoni Mbuyuni, jioni imeshapanda mlimani.

Kilichonisukuma ni Zaburi ya 32: "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa." Nilipanda gari hadi Old Moshi kwa mzee mmoja wa kanisa, mwalimu mstaafu. Njiani nikachuma jani la mmea wa sale kwenye mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo. Kwetu Wachagga, anayekuja na sale ameshasema kwamba amekosa, na kumfukuza ni aibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hilo jani la nani?"

Nikamwambia yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliniambia, "Hilo mpelekee mama watoto. Mungu alishakusamehe kabla hujalichuma. Lakini hujasikia, kwa hiyo twende ukasikie."

Siku zote nilidhani kuungama mbele ya mtu ni mambo ya Wakatoliki. Akanifungulia Katekisimo Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, ileile tuliyokariri kwenye kipaimara. Sehemu ya maungamo imo: mtu anakwenda kwa mchungaji na kutaja zile dhambi anazozijua na kuzisikia moyoni. Nilikuwa nimeikariri nikaipita. Kesho yake mchungaji aliniwekea mkono kichwani akanitangazia ondoleo la dhambi, za kwangu, zilizotajwa kwa kiasi chake cha shilingi. Nililia kama mtoto. Halafu akasema, "Sasa twende kwenye fedha za watu."

Mke wangu alilipokea jani, akaliweka juu ya kabati, akakaa siku nne bila kuniongelesha. Siku ya tano akasema, "Lete laini yako." Namba ya siri anaijua yeye hadi leo, na wateja wa duka wananilipa taslimu au wanamtumia yeye.

Kwenye jumuiya nilisimama mwenyewe. Walinivua uhazina, na ilikuwa haki. Wengine walinikumbatia. Yule mama aliyefiwa alisema, "Kumbe mama yangu alizikwa kwa mkopo wa riba," akatoka nje. Neema ya Mungu haikumlazimisha kunichekea, na mimi sikumwomba aharakishe. Deni nililimaliza kwa miezi minane, 30,000 kila mwezi, ya riba nikalipa kwa kuuza pikipiki yangu.

Hamu haikuondoka. Mwaka wa pili huu, na Jumamosi bado ni nzito, hasa saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, mechi nyingi za Uingereza zinapoanza. Saa hiyo nampigia mzee. Hatuongei sana, ananiuliza, "Uko wapi?" namjibu kweli.

Jumamosi iliyopita simu yake haikupatikana. Nilikaa kwenye kreti nje ya duka, vijana wa jirani wanashangilia, mikono inaniwasha. Nikampigia mke wangu, jambo ambalo zamani nisingethubutu. Nikamwambia, "Leo imenishika."

"Funga duka uje," alisema. "Nimeshaweka ndizi jikoni."