Akbar na kamba iliyosinyaa

Ukiwataja Wamughal, ukoo wa Kiislamu uliotawala India, hapa Dar, mazungumzo huishia kwenye filamu za Kihindi, biriani na Taj Mahal. Taj Mahal ni ya mjukuu, Shah Jahan. Babu mtu, Jalaluddin Muhammad Akbar, alitawala kuanzia 1556 hadi 1605, na kwa maoni yangu kilichomweka kitini muda wote huo ni daftari la kodi kuliko tembo wa vita.

Ya vita nayapita haraka. Alizaliwa Umarkot, Sindh, mwaka 1542, baba yake Humayun akiwa mkimbizi. Akatawazwa akiwa na miaka 13, na miezi michache baadaye jeshi lake, chini ya mlezi wake Bairam Khan, likamshinda hasimu wake Hemu pale Panipat, kaskazini mwa Delhi. Mwaka 1560 akamwondoa mlezi, 1564 akafuta jizya, kodi ya wasio Waislamu, na kufikia 1573 Gujarat na bandari zake zilikuwa zake. Dola kubwa namna hiyo inakula fedha, na fedha ilitoka shambani.

Shida ya kwanza ilikuwa kipimo. Mashamba yalipimwa kwa kamba. Ikilala nje, kamba hunyonya umande na kusinyaa. Ukipimia asubuhi, shamba linahesabika kubwa kuliko lilivyo na mkulima anatozwa zaidi. Jua likishaikausha inarefuka, na hapo anayepunjwa ni hazina. Aliyewahi kununua kiwanja Chanika kwa hatua za dalali mwenye miguu mifupi anaujua mchezo huu. Katika mwaka wa 19 wa utawala wake, Akbar akaamuru vitumike vipande vya mianzi vilivyounganishwa kwa pete za chuma. Bigha moja, kipimo cha eneo la shamba, ikawa mraba wa gaz 60 (gaz ni kipimo cha urefu kinachokaribia yadi) kila upande, yaani gaz 3,600 za mraba.

Shida ya pili, bei. Kodi ilikadiriwa kwa nafaka lakini ikadaiwa kwa fedha, na bei ya kubadilishia ilifuata soko la kambi ya mfalme. Penye jeshi chakula hupanda, kwa hiyo mkulima wa mbali alitozwa kwa bei ambayo sokoni kwake haipo. Isitoshe, viwango vilisubiri idhini ya mfalme kila mwaka, na idhini ilichelewa. Mwaka 1580 zikachukuliwa rekodi za mavuno na bei za miaka 10, ukatafutwa wastani, na kila eneo likapewa viwango vyake. Sifa zote hupewa Raja Todar Mal, ofisa mkuu wa mapato, ila sehemu kubwa ya kumalizia kazi ilimwangukia Khwaja Shah Mansur, ofisa mwenzake wa hazina, kwa kuwa mwenzake alikuwa ametumwa Bengal.

Hesabu yenyewe kwa ngano, katika ardhi inayolimwa kila msimu bila kupumzishwa: bigha nzuri ilikadiriwa kutoa man 18, ya wastani man 12, duni man 8 na ser 35. Man na ser ni vipimo vya uzito; man moja ni ser 40. Jumla ni man 38 na ser 35. Gawanya kwa 3, unapata takriban man 12 na ser 38. Theluthi ya hapo, kama man 4 na ser 13, ndiyo ya serikali. Angalia kwamba mwenye shamba duni anabebeshwa wastani uleule wa mwenye shamba zuri.

Upande wa matumizi kulikuwa na wizi wa farasi hewa. Ofisa alilipwa kwa idadi ya wapanda farasi anaopaswa kuwatunza, na siku ya ukaguzi aliazima farasi na kuwavalisha watumishi wake sare. Dawa yake ilikuwa mbili kwa pamoja: farasi apigwe chapa ya moto, na askari aandikwe wajihi wake daftarini, alama za usoni zikiwemo. Maofisa waliichukia chapa kwelikweli. Ilikuwa miongoni mwa sababu za uasi wa Bengal na Bihar, majimbo ya mashariki, mwaka 1580, ambapo waasi walimtangaza Mirza Hakim, ndugu wa Akbar kwa baba, kuwa mfalme. Mwaka uliofuata Akbar akapanda na jeshi hadi Kabul, alikotawala Hakim, kumtuliza, na chapa ikaendelea kupigwa.